Kondo la mama mwenye kifua kikuu lichunguzwe kabla ya kuzikwa

KILA mwaka ifikapo Machi 24 huadhimishwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu siku kama hiyo, mwaka 1882, daktari wa Kijerumani Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amegundua bakteria wanaosababisha ugonjwa huo. Hotuba husomwa, fulana hugawiwa, na wananchi hukumbushwa kwamba anayekohoa wiki mbili au zaidi aende akapimwe makohozi.

Ni mawaidha mema na hakuna wa kuyapinga. Lakini katika hotuba nyingi nilizosikiliza, upande huu wa mpaka na ule, kuna mtu ambaye huwa hatajwi, naye ni mama mjamzito. Na kuna kitu ambacho hakitajwi kabisa, pengine kwa aibu, pengine kwa sababu tumezoea kukiona kama uchafu wa kufukiwa haraka. Kitu hicho ni kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalio.

Mimi si daktari. Ni mwalimu niliyezaliwa na kusomeshwa ukimbizini, katika makazi ya Ulyankulu, Tabora, walikokimbilia wazazi wangu mwaka 1972, na nikarudi Burundi mwaka 2008. Ninaishi jirani na mpaka, na majirani zangu wengi ni waliorudi kama mimi, au akina mama wanaovuka Mugina kwenda Manyovu na Kigoma kutafuta riziki. Kwa hiyo haya ninayoyaandika yanawahusu watu ninaowafahamu. Hoja yangu ni moja: mama aliye na kifua kikuu, au anayeshukiwa kuwa nacho, akijifungua, kondo lake lisizikwe wala kutupwa shimoni kabla halijachunguzwa.

Tuanze na mama mwenyewe. Mwaka 2014 watafiti walichapisha makadirio kwamba katika mwaka 2011 wanawake wajawazito wapatao 216,500 duniani walikuwa na kifua kikuu, na sehemu kubwa kuliko zote walikuwa Afrika. Hao si wachache. Tatizo ni kwamba ujauzito ni kichaka kizuri cha ugonjwa huu kujificha. Dalili tunazofundishwa ni kikohozi, homa, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito. Sasa mjamzito gani asiyechoka? Nani hatoki jasho usiku katika joto la pwani ya ziwa? Na uzito wake utapunguaje wakati mtoto anakua tumboni? Mama mwenye kifua kikuu anaweza asikonde hata kidogo machoni pa watu. Dalili yake ni kwamba haongezeki uzito kama inavyotakiwa, na hilo hulitambui kwa macho. Unalitambua kwenye kadi ya kliniki, kwa kulinganisha namba za mwezi huu na za mwezi uliopita.

Isitoshe, kifua kikuu hakikai kifuani peke yake, licha ya jina lake. Kinaweza kushika tezi, uti wa mgongo, utando unaozunguka mapafu, hata mji wa mimba. Mama wa namna hiyo anaweza asikohoe, na makohozi yake yakipimwa yaonekane safi. Ndiyo maana katika taarifa za madaktari limeandikwa mara nyingi jambo la kusikitisha: mama aligundulika kuwa na kifua kikuu baada tu ya mtoto wake mchanga kuugua.

Mtoto anaupataje? Njia iliyozoeleka ni hewa. Amezaliwa salama, mama au mtu mwingine wa nyumbani anakohoa, naye anavuta. Lakini kuna njia nyingine mbili, na zote huanza kabla mtoto hajauona mwanga wa jua.

Kondo la nyuma ni kiungo cha takriban nusu kilo. Damu ya mama huja upande mmoja na damu ya mtoto upande mwingine, zikipeana chakula na hewa bila kuchanganyika. Bakteria wa kifua kikuu wakisambaa katika damu ya mama wanaweza kutua humo, wakajenga vinundu. Kinundu kikipasuka upande wa mtoto, bakteria huingia katika mshipa wa kitovu, na mshipa huo hupeleka damu kwenye ini kwanza kabla ya kufika kwingine. Ndiyo sababu watoto wa namna hii mara nyingi huwa na ini lililovimba. Njia ya pili ni maji ya uzazi. Kondo au mji wa mimba ulioathirika huyachafua maji hayo, mtoto akayameza au yakamwingia mapafuni akiwa bado tumboni au wakati wa kuzaliwa.

Ugonjwa huu wa kuzaliwa nao ni nadra. Visa vilivyoandikwa katika majarida ya kitabibu tangu zamani ni mia kadhaa tu. Lakini neno nadra lisitulaze usingizi. Mtoto wa namna hii kwa kawaida huonekana mzima siku za kwanza. Dalili hujitokeza zaidi katika wiki ya pili au ya tatu: anapumua kwa shida, ana homa, hataki kunyonya, analegea, tumbo linajaa, uzito hauongezeki. Kila moja ya dalili hizo ina ugonjwa mwingine unaojulikana zaidi. Daktari atafikiria nimonia, atafikiria malaria, atafikiria sumu ya damu ya watoto wachanga. Hakosei kufikiri hivyo. Lakini dawa za magonjwa hayo hazitibu kifua kikuu, na mtoto wa wiki tatu hana muda wa kusubiri zijaribiwe moja baada ya nyingine. Asipotibiwa hufa karibu kila mara, na hata wanaotibiwa wengi hupotea kwa sababu tiba ilichelewa kuanza.

Hapa ndipo kondo linapokuwa shahidi. Mwaka 1994 madaktari waliweka vigezo vya kutambua kifua kikuu cha kuzaliwa nacho, na vinatumika hadi leo. Kwanza ithibitishwe kwamba mtoto ana ugonjwa. Kisha lipatikane angalau jambo moja kati ya manne: ugonjwa umeonekana katika wiki ya kwanza ya maisha, au alama zake zipo kwenye ini, au kondo la nyuma au njia ya uzazi ya mama imekutwa na kifua kikuu, au watu wote waliomkaribia mtoto baada ya kuzaliwa wamechunguzwa, ikaonekana hakuna aliyemwambukiza. Angalia hayo manne, ndugu msomaji. Kutoboa ini la kichanga si jambo la mchezo. Kuwachunguza watu wote waliompakata mtoto katika nyumba zetu, ambamo jirani, shangazi na bibi wote humbeba, ni kazi ya wiki nzima. Kondo halina maumivu, halihitaji sindano, na linapatikana bure siku ile ile mtoto anapozaliwa. Halafu tunalitupa.

Nitoe mfano wa mtaani kwangu, bila kutaja jina la mtu wala la hospitali. Mama mmoja mchuuzi wa mawese na dagaa alianzia kliniki upande wa Tanzania, ambako alikuwa amekaa kwa dada yake miezi kadhaa. Kule aliandikiwa kupeleka makohozi, maana alikuwa na kikohozi kisichoisha. Kabla hajapeleka, biashara ikamrudisha huku. Akajifungulia huku, kadi yake ya Kiswahili ikawekwa kando kwa sababu aliyempokea alisomea kazi yake kwa Kifaransa. Hakuna aliyemuuliza kikohozi. Kondo likaenda kwenye shimo la kondo, kama ilivyo desturi ya hospitali. Wiki ya tatu mtoto akaanza homa na kuhema. Alitibiwa malaria, akatibiwa nimonia, akafariki kabla ya kutimiza miezi miwili. Mama alipopimwa baadaye alikutwa na kifua kikuu.

Je, mtoto yule alikufa kwa kifua kikuu alichozaliwa nacho, au alichovuta baadaye, au alikufa kwa ugonjwa mwingine kabisa? Mama yake ameniuliza swali hilo zaidi ya mara moja, akidhani kwa kuwa ni mwalimu ninalo jibu. Jibu halipo. Lilizikwa pamoja na kondo.

Najua yatakayosemwa, maana nimeyasikia. La kwanza: tofauti ni nini, ikiwa mtoto aliyezaliwa na ugonjwa na yule aliyeambukizwa baada ya kuzaliwa wote hutibiwa kwa dawa zile zile? Ni kweli, dawa ni zile zile. Lakini kuna mambo matatu. Kichanga wa mama mwenye kifua kikuu ambaye hana ugonjwa hupewa dawa ya kinga, kwa kawaida isoniazidi peke yake kwa miezi sita. Mtoto mwenye ugonjwa wenyewe hawezi kutibiwa kwa dawa moja. Anahitaji mchanganyiko kamili. Kondo lenye bakteria linamwambia daktari: mchunguze mtoto huyu leo, usingoje ahemee. Jambo la pili ni mama. Kondo lenye ugonjwa lina maana kwamba bakteria wamepita katika damu yake, hata kama makohozi yalionekana safi. Naye anatakiwa kuanza dawa. La tatu ni usugu. Bakteria wakioteshwa maabara kutoka kwenye kondo, inajulikana kama wanasikia dawa za kawaida au la, na jibu hilo linawafaa mama na mtoto kwa pamoja.

La pili linalosemwa: chanjo ya BCG inatosha. Haitoshi. BCG ni ngao ya mtoto ambaye adui hajaingia ndani. Aliyeambukizwa tumboni amechelewa kukingwa. Zaidi ya hayo, kichanga anayepewa isoniazidi hucheleweshewa BCG mpaka amalize dawa, kwa sababu isoniazidi huua hata bakteria dhaifu waliomo katika chanjo hiyo.

La tatu ni gharama. Wataalamu wa patholojia ni wachache katika nchi zetu na hawako kila wilaya. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi kila kondo la kila mama lipelekwe maabara. Hilo lingeziba maabara zetu kwa siku mbili. Nasema la mama anayetumia dawa za kifua kikuu, la mama mwenye dalili ambazo hazijapata jibu, la mama anayeishi na mgonjwa ambaye hajamaliza dawa, na la mama anayeishi na VVU mwenye kikohozi au homa. Hao katika kituo kimoja cha afya ni wachache kwa mwaka, na majina yao tayari yamo katika madaftari.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Mkunga anakata vipande kadhaa, hasa pale panapoonekana tofauti, na vingine pale panapoonekana pazuri, kwa sababu kondo lenye ugonjwa linaweza kuonekana zima kwa macho. Vipande vya kutazamwa kwa hadubini vinawekwa katika fomalini. Vipande vya kuotesha bakteria, au vya kupimwa kwa mashine ya GeneXpert, vinawekwa katika chombo safi kisicho na fomalini, kwa sababu fomalini huwaua bakteria na kipimo cha kuotesha hakitaona kitu. Kosa hilo dogo la kutia kila kitu katika fomalini hufuta nusu ya ushahidi. GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa mwaka 2010, hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na pia huonyesha kama bakteria ni sugu kwa rifampisini. Mashine hizo zimeletwa katika nchi zetu kwa ajili ya makohozi. Hakuna sababu ya kipande cha kondo kukosa nafasi humo kinapohitajika.

Niongeze tahadhari ili nisieleweke vibaya. Kondo lenye vinundu halimaanishi kwamba mtoto lazima ni mgonjwa. Wengine huzaliwa salama. Na kondo lililoonekana safi halimaanishi kwamba mtoto hana ugonjwa. Ni lazima mtoto mwenyewe achunguzwe: picha ya kifua, maji ya tumboni yanayovutwa asubuhi kwa mpira mwembamba, hata choo chake, ambacho siku hizi hupimwa kwa mashine hiyo hiyo. Kondo ni shahidi mmoja. Lakini mahakama gani yenye mashahidi wachache humfukuza mmoja kabla hajasema neno?

Nije kwa familia. Wengi wetu hatupendi kondo liguswe na mgeni. Kwa wazee wetu lilizikwa kwa heshima karibu na nyumba, na wapo wanaoogopa kwamba likipotea mtoto atadhurika au mama hatazaa tena. Sidharau hofu hiyo. Sisi tuliozaliwa ukimbizini tunajua thamani ya kuwa na mahali ambapo chako kimezikwa. Ila naomba wakunga wawaeleze ndugu kwa lugha ya adabu kwamba kinachohitajika ni vipande vidogo, na vinavyobaki familia inaweza kurudishiwa kwa utaratibu wa hospitali. Mama mkwe akiulizwa kabla, hukubali. Akifichwa, hukasirika, na ana haki.

Pia naomba mama asiogope kusema. Wapo wanaoficha kikohozi kwa kudhani dawa zitamdhuru mtoto tumboni. Ukweli ni kinyume chake: ugonjwa usiotibiwa ndio unaodhuru. Dawa nne za kawaida, yaani isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na etambutoli, hutumika wakati wa ujauzito, pamoja na vitamini B6. Ya kuepukwa ni sindano ya streptomisini, kwa sababu inaweza kuharibu usikivu wa mtoto. Dawa ni za miezi sita na hutolewa bure. Picha ya kifua hupigwa tumbo likiwa limekingwa. Na anayetumia dawa za kawaida huendelea kunyonyesha. Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Hapa anayeumbuliwa ni asiyejua hata kusema.

Mwisho nizungumze na wenzangu wa mpakani, wafanyabiashara na waliorudi. Ugonjwa huu kwetu una majina matatu. Ulyankulu tuliuita kifua kikuu. Tuliporudi tukakuta unaitwa igituntu. Daktari anaandika tuberculose. Mama akiandikwa kwa jina moja na kupokewa kwa jina jingine, anaonekana kama mtu mpya asiye na historia. Dada yangu unayebeba mchele na vitenge kuvuka mpaka ukiwa na mimba, kadi ya kliniki ni mzigo wako wa kwanza. Usiiache nyumbani kwa kuogopa italowa. Kama ulianzishiwa dawa Kigoma, usizikatishe kwa sababu soko limehamia Nyanza-Lac; onyesha kadi, sema unakunywa dawa gani na tangu lini. Ukifika leba, sema mwenyewe bila kusubiri kuulizwa: mimi natibiwa kifua kikuu, naomba kondo langu lichunguzwe.

Kwa wizara zetu za afya nina maombi matatu. Maswali manne ya kifua kikuu yaulizwe katika kila hudhurio la kliniki ya wajawazito, na kutoongezeka uzito kuhesabiwe kama dalili. Karatasi ya leba iwe na mstari mmoja unaouliza kama mama ana kifua kikuu au anashukiwa, na kama kondo limechukuliwa vipande. Na kadi za pande zote za mpaka ziwe na ukurasa mmoja unaofanana, wenye Kiswahili na Kifaransa, wa kifua kikuu na dawa zake. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Tumekwisha kukubaliana jinsi ya kupima magunia yanayovuka. Hatushindwi kukubaliana jinsi ya kumsoma mama anayevuka na mimba.

Burundi ilifanya uzazi kuwa bure katika vituo vya serikali tangu mwaka 2006, na akina mama wengi zaidi sasa wanajifungulia mahali penye mkunga. Maana yake ni kwamba kondo linatoka mbele ya mtu mwenye mkasi, glovu na chupa. Kinachokosekana ni swali moja kabla ya shimo: mama huyu anakohoa tangu lini?

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari, Nyanza-Lac, Burundi.